Nani atabeba dosie ya mzee? Wanafunzi wa staji na haki za wazee huku kwetu mashariki

Kila mwaka, tarehe 1 Oktoba ikifika, parokia zetu nyingi hufanya jambo moja. Wazee wanaitwa mbele, wanakalishwa kwenye viti vya plastiki, kwaya ya wamama inaimba, kila mzee anapewa sabuni na kilo ya sukari, picha zinapigwa, na mchungaji anaomba. Sisi pia tumefanya hivyo miaka mingi. Hatudharau sukari hiyo, maana kuna wazee ambao ni sukari yao ya pekee katika mwaka mzima. Lakini tarehe 2 Oktoba mzee yule yule anarudi kwenye biro ya komini na makaratasi yake ndani ya mfuko, anaambiwa arudi kesho, na kati yetu wote tuliokuwa kwenye sherehe hakuna anayekwenda naye.

Parokia yetu imepokea kwa mara ya pili wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kufanya staji katika utetezi wa haki za wazee. Wengi watauliza: staji gani hiyo? Tumezoea mwanafunzi wa uuguzi kufanya staji hospitalini, wa sheria kwenye parke au kwa wakili, wa uchumi benki, wa maendeleo katika shirika. Hatutaki kujidanganya. Wengine wamekuja kwetu kwa sababu milango mingine imefungwa. Benki za Goma na Bukavu zilifungwa miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na wa Februari 2025, na mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi tangu Marekani ilipokata misaada yake mwanzoni mwa mwaka huo huo. Mwanafunzi anahitaji karatasi ya staji ili amalize masomo, na Kanisa bado liko wazi. Amekuja kwa sababu hiyo. Basi ni juu yetu kumpa kazi ya kweli badala ya kumtuma kunakili barua na kupanga viti.

Kazi hiyo ipo. Tuanze na sheria, kwa sababu watu wetu wengi wanafikiri kumsaidia mzee ni huruma tu. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mtu mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kupata hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Kifungu kimoja, haki za makundi mawili. Watu wenye ulemavu walisukuma miaka mingi, wakaandika, wakaenda Bungeni, na tarehe 3 Mei 2022 wakapata sheria yao ya pekee inayoeleza haki hizo moja baada ya nyingine. Walikuwa na vyama vyao, viongozi wao na watu wa kufuata dosie. Mzee wa kijiji hana chama. Mzee ana watoto, na watoto wako Kampala, au Kinshasa, au kaburini.

Upande wa Afrika, wakuu wa nchi walipitisha huko Addis Ababa, Januari 2016, Itifaki ya haki za wazee inayoongezwa kwenye Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ilitakiwa nchi 15 ziiridhie ndipo ianze kufanya kazi, na ilichukua karibu miaka tisa: imeanza tarehe 4 Novemba 2024. Inamhesabu mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Inasema juu ya pensheni, juu ya matunzo, juu ya mzee anayelea wajukuu yatima, juu ya mzee katika vita, na inazitaka Serikali kukomesha mashtaka ya uchawi dhidi ya wazee. Kisha tarehe 3 Aprili 2025, huko Geneva, Baraza la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikundi cha kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya haki za wazee. Watoto wana mkataba wao tangu 1989. Wazee ndiyo kwanza wanaanza kuandikiwa wa kwao.

Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria anayekuja kwetu hakosi kitu cha kusoma. Anachokosa ni mzee mwenyewe. Na hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza.

Kikundi cha kwanza kilikuwa vijana wanne wenye bidii. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, wakauliza wazee wanakula mara ngapi, wanalala juu ya nini, wana magonjwa gani. Wakakaa wiki sita mbele ya kompyuta. Mwishoni walitupa ripoti nzuri ya kurasa 60, kwa Kifaransa, yenye rangi na michoro. Chuo kikawapa pointi nyingi. Ripoti ile ingali katika kabati la ofisi ya parokia. Hakuna chefu wa kartie aliyeisoma, wala mbunge wa jimbo, wala mganga mkuu wa zoni ya afya. Miezi miwili baadaye mama mmoja mzee alitusimamisha mlangoni baada ya ibada akauliza: "Baba Mchungaji, wale watoto waliandika nini juu yangu?" Tulinyamaza. Alikuwa amewaeleza mambo ambayo hata watoto wake hawayajui, akifikiri wametumwa na mtu atakayejibu.

Kosa lilikuwa letu, wala si la vijana. Tuliwaachia kukusanya habari bila kuwaambia zinapelekwa kwa nani. Kusikiliza shida na kuiandika vizuri bado si utetezi. Utetezi unaanza pale unapojua ni nani mwenye uwezo wa kubadilisha jambo, unamwomba kitu gani hasa, sheria gani inakusimamia, na utarudi kwake lini.

Mara ya pili tulifanya kinyume. Kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja na dosie moja, na amri moja: uende nayo mpaka pale inapokwama, kisha uandike imekwama wapi na kwa nini. Tueleze dosie moja kwa urefu kidogo, kwa maana imetufundisha kuliko ile ripoti.

Ni dosie ya mwalimu. Alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 35, katika shule zetu za kiprotestanti, zile ambazo Serikali inalipa na Kanisa linasimamia kufuatana na mapatano ya mwaka 1977. Alipaswa kwenda retreti siku nyingi. Aliendelea kushika chaki, siyo kwa kupenda, ila kwa kujua kwamba mwalimu akitoka darasani kabla ya kulipwa haki zake za mwisho anatoka na mikono mitupu. Tunawajua walimu wa namna hiyo katika kila koordinasio. Watoto wanamwona mwalimu anayelala juu ya meza saa nne ya asubuhi, wazazi wanalalamika, na sisi wasimamizi wa shule tunatafuta namna ya kumwondoa pole pole. Kumbe analala kwa sababu ana miaka zaidi ya 70 na amepanda mlima kwa miguu.

Mwanafunzi aliyepewa dosie hiyo ni binti wa mwaka wa mwisho katika sheria. Siku ya kwanza alimwuliza mwalimu: "Baba, dosie ilirudishwa kwa sababu gani?" Akajibu: "Mwanangu, waliniambia miaka yangu haipatani." Kadi yake ya kura ilionyesha mwaka mmoja wa kuzaliwa, barua ya kwanza ya kazi mwaka mwingine, kadi ya ubatizo mwaka wa tatu. Mara tatu aliirudisha, kila mara kwa kulipa safari na kopi, na mara tatu aliambiwa jambo lile lile. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia: mahakama ya amani inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ikisikiliza mashahidi na kuangalia makaratasi yaliyopo.

Na karatasi iliyosaidia zaidi ilitoka kwetu. Katika Kanisa letu tunabatiza mtu akiisha kuamini, kwa hiyo kitabu cha ubatizo kinaandika tarehe ya ubatizo, na kando yake umri wa mtu wakati ule. Makisio, ndiyo, lakini yaliandikwa akiwa kijana, wakati hakuna mtu aliyekuwa na faida ya kuongeza wala kupunguza. Binti alitumia siku mbili katika chumba cha makaratasi ya kanisa mama, kati ya panya na unyevu, mpaka akaupata mstari ule. Tuseme wazi: parokia nyingine hazina tena vitabu hivyo. Vimechomwa, vimeibiwa, vimefunikiwa sambusa. Palipo na vitabu, tuwakabidhi wanafunzi wavipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla vita nyingine haijapita. Peke yake ingekuwa staji ya kutosha.

Shida ya miaka ni ya nchi nzima. Sensa ya mwisho ya watu katika Kongo ilifanyika 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana wajukuu, na Serikali haijahesabu tena. Kwa miaka mingi watu wetu wametambulika kwa kadi ya kura, na tunajua jinsi foleni ya kadi inavyokwenda: karani anamtazama mama mzee, anasema "tuandike 1950", anaandika, na mama anaipokea 1950 yake mpaka kufa. Majirani wameonja uchungu wa jambo hili. Nchini Uganda, Serikali inawapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kila mwezi, lakini anayetazamwa ni yule ambaye kitambulisho cha taifa kinasema ana 80. Wazee wengi waliandikiwa miaka pungufu kwenye kitambulisho, wakabaki nje wakiangalia wadogo zao wakipokea. Jambo hilo limefikishwa mpaka mahakamani.

Tumetaja Uganda, tuendelee kidogo, kwa sababu vijana wetu wanapoambiwa "nchi yetu ni maskini, haiwezi kulipa wazee" wanapaswa kuwa na jibu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, awe alifanya kazi ya mshahara au alivua samaki maisha yake yote. Kenya, tangu 2018, iliwafungulia wote wenye miaka 70 na zaidi mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, na mara nyingi zinachelewa. Lakini katika nyumba ambayo bibi anapokea kitu cha hakika kila mwezi, bibi haitwi mzigo. Kwetu, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inamlinda mfanyakazi aliyechangiwa katika kasa ya CNSS, ambaye anaweza kuomba pensheni akifika miaka 60. Watumishi wa Serikali wana kasa yao, CNSSAP. Mama aliyelima mihogo Masisi, baba aliyechimba Kamituga, mchuuzi wa Kadutu, hawamo. Hao ndio walio wengi katika viti vyetu vya Jumapili. Kwa mwalimu yule tunadai sheria iliyopo ifuatwe. Kwa mama wa mihogo tunadai sheria ambayo bado haijaandikwa. Mwanafunzi asichanganye hizo mbili, maana hazipelekwi kwenye mlango mmoja.

Na mlango ni upi, siku hizi? Hapa kazi ni ngumu na tunaomba ndugu walio mbali watuelewe. Kuna miji ambako sasa kuna utawala wa M23, na Kinshasa hautambui. Mwalimu yuko upande huu, dosie inaamuliwa upande ule. Mwanafunzi akiandikia mmoja, anaweza kuulizwa kwa nini hakuandikia mwingine, na swali kama hilo siyo la mchezo. Hatuwezi kuwatuma watoto wa watu kwenye hatari ili parokia ionekane jasiri. Kwa hiyo tuliamua kwamba barua zote zinatiwa sahihi na Kanisa; mwanafunzi anaandika na kusindikiza, jina lake halikai juu ya barua. Na tulichagua mambo ambayo hayana chama: mzee asipange foleni ndefu kwenye kituo cha afya, mashahidi wazee wasikilizwe asubuhi mapema mahakamani, mawakala wa pesa za simu wapunguze makato kwa wazee, maana benki zikiwa zimefungwa, pensheni ya mwenye bahati inapita kwenye simu na kila mkono inapopita unachukua chake. Hili la mwisho hatujalipata. Mawakala wawili wa mtaa wamekubali, wengine walicheka.

Kuna mahali pengine ambapo mwanafunzi anaweza kufanya kazi kubwa bila kugusa siasa: kwenye orodha za misaada. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Kijana alifunga turubai lake akaondoka. Mzee aliyebebwa mgongoni wakati wa kuja, nani angembeba kwa kurudi? Wengine walibaki katika madarasa na makanisa yetu. Shirika linapokuja kuandikisha, linaandika mkuu wa nyumba, mama mwenye mimba, mtoto mwenye utapiamlo. Mzee anahesabiwa ndani ya nyumba ya mtu, kama mkeka. Akipewa, anapewa chakula cha kutafuna na hana meno, au jetoni ya kwenda kupokea kilometa saba. Tangu 2018 mashirika yenyewe yana kitabu cha viwango vya kuwahusisha wazee na watu wenye ulemavu katika misaada, na kinapatikana kwa Kifaransa. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda nacho kwenye mkutano wa kuandikisha, akauliza kwa adabu: "Wazee wasio na mtu wa kuwapokelea wako kwenye safu gani ya orodha?" Hakukuwa na safu. Wiki iliyofuata ikawekwa. Hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Alijua nini kimeandikwa na akakiuliza mbele ya watu.

Sasa tuguse jambo ambalo lingekuwa rahisi kuliruka. Katika mwaka wa 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa kusingiziwa uchawi. Baadhi yao walitajwa na wale manabii wanawake wanaoitwa bajakazi. Nchini Tanzania, katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi mabibi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia. Tungependa kusema kwamba ni mambo ya wapagani. Lakini wanafunzi walipokaa na wamama wazee jioni, walisikia kwamba woga wao mkubwa ni chumba cha maombi. Mtoto anaugua, anapelekwa kwenye maombi, mwombaji anafumba macho na kusema "naona mtu mzee katika nyumba." Hataji jina. Hana haja ya kulitaja.

Kwa hiyo barua moja ya utetezi kati ya zile zilizoandikwa na wanafunzi ilielekezwa kwetu, kwenye baraza la wazee wa kanisa. Iliomba mambo matatu: kwamba hakuna mwombaji anayeruhusiwa kusema neno kama hilo katika parokia yetu, kwamba akilisema, anasimamishwa siku ile ile, kwamba mchungaji anakwenda mwenyewe kulala katika nyumba ya mama aliyetajwa, hata usiku mbili tatu. Kulikuwa na mabishano marefu. Mzee mmoja wa kanisa alisema watoto hawawezi kutufundisha mambo ya roho. Mwishoni mawili yalipita na la tatu likaachwa "kwa hiari ya mchungaji". Tumelifanya mara moja. Tulilala kwenye kiti, na jirani waliona.

Mabishano yale yalitukumbusha mama mmoja wa Marekani, Maggie Kuhn. Alikuwa mfanyakazi wa Kanisa la Presbiteri, na mwaka 1970, alipofika miaka 65, Kanisa lake lilimlazimisha kuacha kazi. Hakwenda nyumbani kunyamaza. Alianzisha na wenzake kikundi kilichokuja kuitwa Gray Panthers, kwa ajili ya haki za wazee, na alifanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea: aliita vijana wa vyuo vikuu. Wazee walisimama na vijana dhidi ya vita vya Vietnam, na vijana wakasimama na wazee dhidi ya kulazimishwa kustaafu na dhidi ya ubaya wa nyumba za kutunzia wazee. Mama yule hakutaka kusemewa na vijana. Alitaka watembee pamoja, kila mmoja akisema lake. Sisi tunapenda kijana aseme kwa niaba ya mzee, kwa Kifaransa kizuri, mzee akiwa amekaa nyuma. Tulipokwenda kwa mganga mkuu tulimwomba mama mzee aanze kusema, kwa lugha yake, na mwanafunzi akatafsiri. Alisema dakika ishirini na akapotea njia mara mbili. Lakini mganga mkuu aliweka kalamu chini, na hakuiweka chini kwa barua zetu zote za nyuma.

Hatuwezi kumaliza bila kujiangalia. Tunadai Serikali ilipe walimu wazee, na mchungaji wetu aliyestaafu analipwa nini? Katika jumuiya zetu nyingi mchungaji anatumika miaka 40, anahama parokia baada ya parokia, hajengi, hachangiwi katika kasa yoyote, na siku ya kustaafu anapewa mbuzi, suti na barua ya shukrani. Akifa, mjane wake anapewa miezi michache ya kutoka katika nyumba ya parokia. Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, ni ya Mungu, na kwa njia hiyo wakakwepa kuwatunza baba na mama yao. Inasomwa katika Marko 7. Na Paulo anamwandikia Timoteo juu ya orodha ya wajane wenye miaka isiyopungua 60: Kanisa la kwanza lilikuwa na orodha, na lilikuwa na umri. Tumemwomba mwanafunzi wa uchumi atakayekuja katika kikundi kijacho ahesabu ingegharimu kiasi gani parokia kumchangia mchungaji wake katika CNSS kila mwezi. Tunashuku kwamba itakuwa pungufu ya tunachotumia kwa vyombo vya muziki.

Kwa parokia zinazofikiri kupokea wanafunzi, machache tuliyojifunza. Msichukue wengi kuliko dosie mlizo nazo, watatu wanatosha. Mkae na chuo kabla, mkubaliane kwamba pointi zitatolewa kwa kazi iliyofuatwa na si kwa ukubwa wa ripoti, maana mwanafunzi atafuata pointi. Picha ya mzee haipigwi bila ruhusa yake, na haiendi WhatsApp. Mwanafunzi asiahidi kitu. Aseme "nitauliza, nitakuja Alhamisi", na Alhamisi aje, hata kama hana jibu. Usafiri na chakula cha mchana ni juu ya parokia, kwa sababu mtoto mwenye njaa ataanza kula kwa mzee. Na miezi miwili ikiisha, shemasi mmoja awe ametembea naye tangu mwanzo, ili dosie isibaki yatima siku mwanafunzi anaporudi chuoni.

Dosie ya mwalimu sasa ina hukumu ya mahakama ndani yake. Inakosa karatasi moja, cheti cha kazi cha miaka ya kwanza, kutoka shule ambayo ilihamishwa wakati wa vita vya 1996 na ambayo makaratasi yake, inasemekana, yako katika nyumba ya mkurugenzi wa zamani, mwendo wa saa tano kwa miguu. Binti amemaliza staji yake, lakini ameomba aende. Anaondoka Jumatatu na shemasi wetu, na mwalimu amesema lazima naye atakwenda, kwa sababu mkurugenzi yule ni mzee kama yeye na hatamfungulia mtu asiyemjua.